Mwanaisha, kodini gari, ila msiende Agosti

Brussels, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, Rukia mzima, baba yake naye mzima ila mgongo unamsumbua kidogo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, mpaka pale Idi alipokunyang'anya simu. Unauliza kama kweli watu wenye akili zao wanaweza kuzunguka vijijini Ufaransa ndani ya gari lenye kitanda na jiko, na mtoto mdogo juu yake, wakarudi bado wanasemeshana. Tumerudi na tunasemeshana. Rukia kalala, acha nikuandikie kwa kirefu.

Kwanza mahali. Najua Baba Idi anataka Nice na Cannes, maana ndiko anakokuona kwenye picha. Mwache aende peke yake. Pwani ile wakati wa joto hufurika watu, maegesho mengi yamewekewa chuma juu ili magari marefu yasiingie, na viwanja vya kambi vinashikwa nafasi mapema mno. Nyinyi nendeni katikati ya nchi, kwenye milima ya Massif Central. Sisi tulikwenda Clermont-Ferrand kwa treni, tukakodi gari hapo hapo, tukashuka taratibu: Cantal, Aubrac, bonde la mto Lot, mwisho Millau. Iko barabara kuu ya A75 inayotoka Clermont-Ferrand hadi Béziers, na karibu yote ni bure, unalipia daraja la Millau tu. Barabara kuu nyingi za Ufaransa utalipa mpaka uchoke. Lakini hata hiyo ya bure tuliitumia kidogo. Utamu uko kwenye barabara ndogo, mwendo wa 80 kwa saa, mikoa mingine 90, ng'ombe wekundu wa Salers na mapembe yao wamesimama ukingoni, mtoto yuko dirishani anawasalimia mmoja mmoja.

Gari chukueni la saizi ya Hiace iliyorefushwa na kuinuliwa paa, msichukue lile dude pana jeupe. Vijiji vile vilijengwa zamani za punda, na kona ya kanisa haimhurumii mtu. Leseni ya kawaida inatosha, mradi gari na mizigo yake visizidi tani 3.5. Kimo cha gari andikeni kwenye karatasi mbandike mbele ya dereva, kwa sababu ya vile vyuma nilivyokwambia. Halafu kiti cha Idi: sheria ya Ufaransa inataka mtoto wa chini ya miaka 10 akae nyuma, kwenye kiti chake. Kabla ya kulipa, waulizeni wenye gari kama siti ya nyuma inatazama mbele na ina mkanda wa bega na kiuno. Yapo magari yenye benchi la ubavuni. Hilo ni la kunywea chai mkishaegesha, mtoto asisafirie hapo hata kwa dakika tano.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna aliyetuambia. Kilichotubeba safari nzima ni serikali za vijiji. Ufaransa ina manispaa zipatazo 35,000, na kijiji cha watu mia mbili nacho kina meya wake, ofisi yake na bendera juu ya mlango. Meya huyo ndiye aliyeweka bomba la maji uwanjani, choo cha umma nyuma ya kanisa, bembea mbili na kiteleza karibu na shule, na mara nyingi kiwanja maalumu cha magari kama yetu. Viwanja hivyo huitwa aire. Vingine bure, vingine euro chache kwa usiku. Unaegesha, unalala, asubuhi unamwaga maji machafu kwenye tundu lake, unajaza maji safi, unakwenda zako. Kuna mahali mashine ya maji inakula sarafu ya euro 2, kuna mahali inataka kidude maalumu kinachouzwa kwa muuza mikate, na muuza mikate kafunga mpaka saa nane mchana. Hapo mnakaa mnasubiri. Ile saa sita mpaka saa nane, shoga yangu, Ufaransa ya vijijini inafunga kila kitu, na Jumatatu wengine hawafungui kabisa. Mwenye mtoto anayelala mchana anapatana nao vizuri sana.

Sanduku la choo lilikuwa kazi ya Baba Rukia. Linachomolewa ubavuni mwa gari, lina magurudumu na mpini, analiburuta mpaka shimo lake na uso ameugeuzia upande mwingine. Sikumpokea hata siku moja, na sina mpango.

Jingine kuhusu kulala: kuegesha na kupiga kambi kwao ni mambo mawili. Ukiwa ndani ya gari lako mahali panaporuhusiwa kuegesha, wewe umeegesha. Ukitoa viti, meza na turubai la kivuli, umepiga kambi, na mahali pengi hawataki. Ukitaka kutandika mkeka nje, uko mpango unaitwa France Passion, wa tangu 1993. Wakulima wanakupa nafasi shambani kwao kwa saa 24, bila malipo. Unanunua uanachama wa mwaka, unapata orodha na stika ya kubandika kwenye kioo. Wengi wao ni watu wa mvinyo, lakini orodha inaonyesha nani ana nini, basi sisi tukawa tunachagua asali na mbuzi. Kununua si lazima, ila ukienda na mtoto utanunua tu.

Karibu na Figeac tulilala kwa mama mmoja mfuga mbuzi, wale wanaotengeneza vijibini vidogo vya Rocamadour, upana wa kiganja cha mtoto. Saa kumi na mbili jioni akamwita Rukia aone wanavyokamuliwa. Mbuzi wanapanda jukwaani kwa mstari, kila mmoja anaijua nafasi yake, vichwa vinaingia kwenye pumba, mashine inaanza kunyonya. Rukia alisimama kimya na kidole mdomoni, na wewe unamjua Rukia na kimya. Mbuzi mmoja akanitafuna pindo la kanga. Yule mama aliona aibu kuliko mimi, akatufungia vijibini vinne na jani la saladi. Kifaransa chake cha haraka sikukipata chote, lakini mtoto ni pasipoti. Wazee waliokuwa wanatuangalia kwa jicho la pembeni tukishuka garini, akishashuka Rukia na sandali zake kinyume, wanaanza kuuliza jina.

Chakula kisikutie hofu, ila uwe macho. Nguruwe yumo hata usikomtarajia: kwenye saladi vipande, kwenye keki za chumvi vipande, kwenye dengu ndiyo kabisa. Jifunze kuuliza neno lardons, ndivyo wanavyoviita vipande hivyo vya nguruwe, kabla hujaagiza. Mji mkubwa kidogo utapata bucha la halali, vijijini sahau. Sisi tuliishi kwa mayai ya shambani, samaki wa mtoni, dagaa wa kopo na zile dengu za kijani za Le Puy, ambazo nilizipika na tui la kopo nililotoka nalo huku. Kule Aubrac kuna viazi vinavyopondwa na jibini mbichi mpaka vinavutika kama ubani mdomoni, wanaita aligot. Huja na soseji pembeni, nikawaambia soseji abaki nayo mpishi. Rukia alikula mpaka akasinzia na kijiko mkononi. Mikate nayo, vijiji vingi havina tena mwokaji, basi wameweka mashine ukutani: unatumbukiza sarafu, mlango mdogo unafunguka, mkate mrefu unadondoka. Ufundi wa mkate huo UNESCO wameuweka kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2022, na mimi naununua kwenye kabati la chuma. Lakini asubuhi moja ulitoka wa moto, sikulalamika.

Kivutio kimoja tu nitakusisitizia: pango la Pech Merle, kijiji cha Cabrerets. Watu wote wanakimbilia Lascaux, pango jingine la michoro ya kale, lakini Lascaux lenyewe lilifungiwa wageni tangu 1963, unachoonyeshwa ni nakala. Pech Merle unaingia pango lenyewe, lililogunduliwa na vijana wa pale mwaka 1922. Wanapokea watu 700 tu kwa siku, hivyo shikeni nafasi mapema, na mvae nguo nzito, ndani ni nyuzi 12 mwaka mzima. Idi abebeni mgongoni, kigari cha mtoto hakiingii. Kuna farasi wawili wamechorwa na madoa mwili mzima, na viganja vya watu vimezungushiwa rangi, kazi ya zaidi ya miaka 20,000. Rukia farasi hakuwajali. Kilichomshika ni nyayo. Kwenye udongo uliogeuka jiwe kuna alama za miguu, zinazosemwa ni za kijana mdogo, vidole vinaonekana. Akauliza kwa sauti, pango zima likasikia, "Viatu vyake viko wapi?" Mwongozaji akaomba tafsiri, kisha akacheka na wenzake wote. Mimi nikawaza nyayo zetu za Laetoli, za miaka milioni 3.6, zimefukiwa tena zisiharibike, na mimi Mtanzania mzima sijawahi hata kufika karibu.

Na hapo hapo karibu, mjini Figeac, kuna uwanja uliotandikwa jiwe kubwa jeusi lenye maandishi ya kale ya Misri, nakala ya lile jiwe la Rosetta, kwa sababu Champollion aliyeyafumbua maandishi hayo alizaliwa pale 1790. Wakubwa wanapiga picha. Watoto wanarukaruka juu ya maandishi hayo ya picha, kutoka ndege mpaka nyoka, hakuna anayewafukuza.

Daraja la Millau ni kubwa la kutisha, mita 343 kutoka chini hadi ncha, limeupita mnara wa Eiffel. Rukia alilipita lote amelala.

Kuogelea. Hili najua linakukera, nami limenikera. Mabwawa ya manispaa wanataka nguo ya kubana tu, mwanamume hata kaptula pana haruhusiwi, na sisi tunaojisitiri hatuna nafasi. Mji wa Grenoble walijaribu kulegeza, Baraza la Dola, mahakama yao ya juu ya mambo ya serikali, likawazuia Juni 2022. Tuliyaacha na mabwawa yao. Mto Célé una sehemu za kina kifupi, changarawe, maji yanakufika gotini, nikaingia na nguo zangu zote na hakuna aliyegeuza shingo. Pakieni garini ndoo na kopo, mtoto hahitaji zaidi.

Majani marefu yana kupe. Kila jioni mkagueni Idi nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mapaja. Rukia alipata mmoja, tukaenda famasi, yenye msalaba wa kijani, mama wa dawa akamtoa kwa kikulabu kidogo cha plastiki, akatuuzia kimoja, akatuambia tuangalie kama patatoka duara jekundu. Halikutoka. Usiku au Jumapili, namba 3237 inakwambia famasi ipi iko zamu.

Usiku kuna giza la kweli, lile la Pangani umeme ukikatika. Kengele za kanisa zinagonga saa, na vijiji vingine zinarudia tena baada ya dakika mbili kwa aliyepitiwa. Rukia anahesabu saba, namwambia saa moja, ananiona muongo.

Karibu kila kijiji tulipocheza kulikuwa na mnara wa waliokufa vita ya 1914 mpaka 1918, mara nyingi hatua chache kutoka kwenye bembea. Kijiji cha nyumba arobaini, majina thelathini, watatu wanne ukoo mmoja. Nilikuwa namsukuma mtoto huku nayasoma. Nikawakumbuka wapagazi wa vita hiyo hiyo kwetu, waliobaki kuwa jina la soko, Kariakoo, na wao wenyewe wengi hakuna mahali walipoandikwa. Baba Rukia akasema nisimwambie mtoto, mdogo. Sikumwambia.

Mwendo: kilomita mia kwa siku zinatosha, tena mziendeshe mtoto akiwa amelala. Mkifika kijiji mkikipenda, kaeni siku mbili. Wakati mzuri ni Juni, au Septemba mwanzoni, shule zao zikishafunguliwa. Katikati ya Julai mpaka katikati ya Agosti Ufaransa nzima iko barabarani. Sala msihangaike, kibla kule ni kusini mashariki, na mkeka unatosha kati ya jiko na mlango kama mwingine atatoka nje kwanza.

Ukiamua Septemba niambie kabla ya mwisho wa mwezi, maana Baba Rukia keshaanza kuangalia bei za magari upya, na mkitaka tukodi mawili tufuatane. Ongea na mwenzio. Akiitaja tena Nice, nipe namba yake nizungumze naye.

Msalimie mama ukimpigia Tanga, mwambie ile kanga yake ya kisutu ndiyo iliyoliwa na mbuzi. Mbusu Idi.

Shoga yako,
Zuhura