Kabla karatasi hazijachomwa: barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Mawasiliano na Teknolojia

YAH: AGIZO LA KUTEKETEZA MAJALADA YALIYOSKANIWA

Mheshimiwa Waziri,

Waraka wa wizara yako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza niliufurahia. Aliyewahi kusimama dirishani nusu siku akiambiwa "jalada lako bado linatafutwa" hahitaji kushawishiwa kwamba kumbukumbu za umma ziingie kwenye kompyuta. Mara ya pili nilikwama kwenye aya inayoagiza kwamba jalada likishaskaniwa na kupandishwa kwenye mfumo, karatasi zake ziteketezwe ndani ya siku 90. Mara ya tatu nilikuwa nasaka sentensi moja tu, ile ya kusema ni nani atakayethibitisha kwamba kilichopandishwa kinashuka, na kinashuka kikiwa kilekile. Haimo.

Ombi langu ni moja na nalitanguliza ili msaidizi wako asipate tabu ya kulitafuta: simamisha uteketezaji wa karatasi mpaka mfumo ufanyiwe jaribio la kurejesha data, na matokeo yake yatangazwe.

Mimi ni fundi kompyuta, na siku zangu nyingi huishia kwenye kujaribu kufufua diski. Hivi karibuni kijana mmoja aliniletea diski ya nje aliyoizungushia taulo, ameipakata kama mtoto mchanga. Nikaichomeka, nikaisogeza sikioni. Tik. Kimya. Tik, tik. Ndani ya diski za aina ile kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea vichwa vya kusomea kwa umbali wa nanomita chache tu; hata chembe ya moshi wa sigara haipenyi hapo. Kichwa kikigusa sahani kinakwangua, na kilichokwanguliwa hakina fundi. Nilimwuliza kama ana nakala nyingine ya tasnifu yake. Uso ukamchangamka. "Ninazo mbili, fundi." Ya pili ilikuwa kwenye folda nyingine, ndani ya diski hiyohiyo.

Usimcheke, Mheshimiwa. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, ukianzia kwenye betri za lithiamu. Mamia ya mifumo ya serikali ilizimika. Mingi ilirudishwa baadaye, kidogo kidogo. Ila G-Drive, hifadhi ambamo watumishi wa umma waliweka nyaraka zao za kazi, terabaiti 858, haikuwa na nakala nje ya jengo lile. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kudurufiwa. Hiyo ni nchi ambayo wengine huenda kujifunza mambo ya intaneti! Na watumishi wale walikuwa wameagizwa waweke kazi zao humo, wasizibakize kwenye kompyuta zao za mezani. Walitii. Aliyepoteza zaidi ndiye aliyekuwa ametii zaidi, na hapo ndipo waraka wako uliponitia hofu, kwa sababu ofisi zitakazowahi kuchoma karatasi ndizo zile zenye makarani wachapakazi.

Najua wataalamu wako watakujibu nini, maana ningekuwa upande wao ningejibu hivyohivyo: seva yetu ina diski pacha, moja ikifa nyingine inaendelea na kazi. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini diski pacha ni kioo. Karani akilifuta jalada kwa bahati mbaya saa nne na dakika tano, kwenye pacha nalo limefutika saa nne na dakika tano. Virusi vya utekaji vikiyafungia mafaili kwa ufunguo usio wako kisha vikadai fidia, kama WannaCry ilivyofanya Mei 2017 katika nchi zaidi ya 150, pacha naye hufungiwa palepale. Nakala inayostahili jina hilo hukaa kando: jengo jingine, siku nyingine, na angalau moja isiwe na waya wowote unaoiunganisha na mtandao. Vituo vikubwa bado vinatumia kanda za sumaku, ambazo vijana wanadhani zilikufa pamoja na redio za kaseti, kwa sababu kanda iliyolala rafuni haitekwi na mtu aliyeketi ng'ambo ya dunia.

Watakuambia pia kwamba bekapu, yaani nakala ya akiba, hufanyika kila usiku. Hapo, Mheshimiwa, waulize lini walirejesha kitu kutoka kwenye bekapu hiyo mara ya mwisho, kisha utazame nyuso zao.

Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandika programu duniani kote, alikuwa anahangaika usiku na mfumo uliolemewa. Akatoa amri ya kufuta data kwenye seva moja. Kumbe alikuwa kwenye seva nyingine, ile yenye data hai. Walikuwa na njia tano za kujikinga. Wakaanza kuzikagua moja baada ya nyingine na kukuta hakuna iliyokuwa ikifanya kazi inavyotakiwa. Moja ilikuwa inagoma kimyakimya kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu. Barua pepe za kuonya kwamba imegoma zilikuwa zinakataliwa njiani, hazimfikii mtu. Waliokolewa na nakala ambayo fundi aliichukua kwa mkono yapata saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kampuni ilieleza yote hayo hadharani bila kuficha aibu, na mimi huwa nawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kabla sijawafundisha hata kushika bisibisi.

Hayo yote ni mambo ya data kupotea. Lipo jambo baya zaidi, nalo linahusu moja kwa moja karatasi unazotaka kuzichoma.

Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alikuwa na ramani ya jengo iliyopitishwa kwenye mashine ya Xerox ya kuskani. Vyumba vitatu viliandikwa maeneo yake kwa mita za mraba: 14.13, 21.11 na 17.42. Nakala iliyotoka kwenye mashine ilionyesha vyote vitatu ni 14.13. Namba hazikufifia wala hazikuchafuka. Zilikuwa safi, zinasomeka vizuri, na za uongo. Ili kupunguza ukubwa wa faili, mashine ilikuwa ikitafuta vipande vinavyofanana kwenye ukurasa, inahifadhi kimoja tu, kisha inakibandika kila ilipoona pacha wake. Maandishi yakiwa madogo ilidanganyika, ikabandika 8 penye 6. Hitilafu hiyo ilikuwa imekaa kwenye mashine hizo kwa miaka, maofisini, bila mtu kuishtukia, mpaka kampuni ilipotoa programu ya kurekebisha.

Ramani ile ilijisema yenyewe kwa sababu macho yaliona chumba kikubwa kimeandikwa namba ya chumba kidogo. Sasa chukua cheti cha mtu aliyezaliwa 1966 kikasomeka 1968. Chukua namba ya kiwanja, chukua kiasi cha mafao. Hakuna ukuta wa kulinganisha nao. Mtu atafika dirishani miaka ishirini baadaye kudai haki yake, karani atageuza skrini amwonyeshe namba iliyo safi kabisa, na karatasi iliyokuwa shahidi itakuwa imeshakuwa majivu kwa mujibu wa waraka.

Mashine ile ilikuwa inaokoa nini? Nafasi. Hebu tupige hesabu. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi unatoa nukta 2,480 kwa 3,508. Kila nukta ya rangi ikichukua baiti tatu, ukurasa mzima bila kubanwa hata kidogo ni kama megabaiti 26. Kurasa milioni moja ni terabaiti 26. Diski moja ya kawaida ya vituo vya data leo hubeba zaidi ya terabaiti 20, maana yake kurasa milioni moja zikiwa mbichi kabisa zinaingia kwenye diski mbili ninazoweza kuzibeba kwa mkono mmoja. Zikibanwa kwa njia isiyopoteza kitu, zitapungua sana. Kwa hiyo mzabuni akikuambia lazima ubora ushushwe ili mafaili yaenee, mwombe akuandikie hesabu yake kwenye karatasi.

(Na wakaguzi wako wakiichomeka diski ya terabaiti moja wakaona gigabaiti 931, wasimkamate mzabuni huyo kwa hilo. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024 huku ikitumia jina lilelile. Nimesuluhisha ugomvi huo mara nyingi kuliko ninavyopenda.)

Faili likishaingia salama, lipewe alama. Kuna hesabu iitwayo SHA-256 ambayo hulisoma faili zima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Badilisha mkato mmoja ndani ya waraka wa kurasa mia tatu, mfuatano wote unageuka. Alama hizo zihifadhiwe mbali na mafaili yenyewe, na kila mwezi kompyuta ipige hesabu upya na kulinganisha. Lililobadilika litolewe na kuchukuliwa jingine kutoka kwenye nakala. Ni kazi ya mashine, haimchoshi mtu. Alama hii lakini haitakamata kosa lililofanyika wakati wa kuskani. Hilo hukamatwa na jicho la mtu, karatasi ikiwa mezani.

Umeahidi vilevile kwamba nyaraka zinazoruhusiwa zitasomwa na umma mtandaoni. Niseme mawili tu. La kwanza: tovuti za ofisi hukarabatiwa kila anapokuja bosi mpya, na kila ukarabati unaua viungo vya zamani. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa 2024 ulikuta asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuwa zikifunguka tena muongo mmoja baadaye. Mimi mwenyewe ninalo tangazo la ofisi moja ya umma, sitaitaja, lililochapwa na anwani ya fomu kwa chini. Anwani inajibu 404, yaani ukurasa haupatikani. Fomu ipo, nimeikuta imehamishiwa folda nyingine ndani ya tovuti hiyohiyo. Hakuna aliyekumbuka kuweka kielekezi cha kumpeleka msomaji kwenye anwani mpya, kazi ya mistari miwili mitatu kwenye seva. La pili: picha ya maandishi si maandishi. Ukurasa ulioskaniwa ukaachwa hivyo hautafutiki kwa neno, na mtu asiyeona anayetumia programu ya kusomea skrini atasikia kimya. Maandishi yachomolewe kutoka kwenye picha na kuwekwa nyuma yake, ila picha yenyewe ibaki kama ilivyo, maana programu za kusoma picha nazo hukosea.

Narudi kwenye ombi. Jaribio ninalolisema halihitaji tume wala semina. Yachaguliwe mafaili 500 kwa bahati nasibu, kutoka ofisi tofauti, karatasi zake zikiwa bado zipo. Seva kuu izimwe, na kuzimwa maana yake waya uchomolewe ukutani. Mashine tupu iwashwe mahali pengine, data irejeshwe humo kutoka kwenye nakala ya mbali, kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa. Anayerejesha asiwe aliyeujenga mfumo, kwa sababu aliyeujenga anayajua mengi ambayo hakuyaandika, na siku ya moto anaweza kuwa safarini au ameshaacha kazi. Kila faili likifunguka liwekwe kando ya karatasi yake, lisomwe namba kwa namba. Kisha itangazwe: imechukua saa ngapi, mangapi hayakurudi, mangapi yamerudi na makosa.

Yakirudi yote, sitakuwa na neno tena juu ya siku 90, isipokuwa kukukumbusha kwamba jaribio hilo lirudiwe kila mwaka, na kila mfumo unapohamishwa. Yakikosekana hata kumi, karatasi zitakuwepo kuyajaza, na wataalamu wako watakuwa wamejifunza kwa bei nafuu kuliko wenzao wa Daejeon.

Waraka unasema awamu ya kwanza ya uteketezaji inaanza mwishoni mwa mwezi. Siku ya jaribio nitakuja hata kama sijaalikwa, nitakaa nyuma. Yule kijana wa taulo naye ameomba aje.

Wako mtiifu,

Fundi kompyuta