Bahari ikipwa si saa yake

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku Lindi sote wazima. Bibi yako anauguza goti tu, na analalamika kwamba humpigii simu. Mpigie.

Ile video ya tsunami ya Japani uliyonirushia juzi, bahari ikivamia nchi kavu baada ya tetemeko, nimeiangalia mpaka mwisho, kisha mdogo wako akanifungulia nyingine, na nyingine tena, bando likaisha. Wewe uliniuliza, "Mama, maji kama yale yakija huku tunafanyaje?" Swali hilo halijibiki kwa sauti ya nusu dakika, ndiyo maana nimekaa kuandika. Soma yote, usirukeruke.

Nianze na nilichokiona. Nilitegemea wimbi refu lililojikunja, kama wanavyolichora. Pale Miyako, ile Ijumaa ya Machi 11, 2011, hakuna wimbi la namna hiyo. Maji yanapanda ukingoni mwa ukuta taratibu, meusi tititi, halafu yanamwagika kwa ndani, na mashua zinapita juu ya ukuta pamoja na magari. Mimi nimezaliwa pwani, nimeona maji yakijaa maisha yangu yote. Yale yalikuwa yanajaa, ila hayakufika mahali yakasema basi. Huko kaskazini mwa Japani wana kuta za bahari ndefu kuliko nyumba yetu, na tetemeko lilipiga saa 8:46 mchana, watu wakiwa macho na ving'ora vikilia. Bado walikufa watu zaidi ya 15,000, na wengine zaidi ya 2,000 hawajaonekana mpaka leo.

Sasa iangalie tena, lakini safari hii achana na maji. Angalia watu. Zipo video zilizopigwa kutoka kilimani Minamisanriku, hukohuko Japani, unasikia waliopanda wanapiga kelele kuwaita walio chini, na huko chini unamwona mtu anatembea, hakimbii. Ipo ya Palu, Indonesia, ya Septemba 28, 2018: mwanamume yuko juu ya jengo anapayuka mpaka sauti inamkauka, na barabarani chini yake watu bado wanapita kama siku zote. Wanamsikia. Hawaelewi anawaambia nini, au wanadhani bado kuna muda. Aliyeitia muziki video ya namna ile sijui ana moyo gani.

Na jiulize aliyeshika simu alikuwa wapi. Karibu kila video tunayoiona ilipigwa na mtu aliyekwisha kupanda juu. Waliobaki chini na simu zao mkononi, picha zao hazikutufikia. Kwa hiyo ukizitazama nyingi unaanza kuamini kwamba mtu anaweza kusimama akapiga picha halafu akaondoka zake. Nakukataza, hata kama wenzako wote wamesimama.

Video zilizonitesa zaidi ni zile za Thailand za Desemba 26, 2004, za kabla maji hayajafika. Bahari imerudi nyuma, mchanga uko wazi, mashua zimelala ubavu, na watalii wanaufuata ule mchanga kwenda kuangalia. Wale walikuwa wageni wa bahari, siwalaumu. Lakini kulikuwa na mtoto wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, ambaye majuma mawili kabla alikuwa amefundishwa habari hizi katika somo la jiografia. Akaona maji yanatoa povu ufukweni Phuket, akawalazimisha wazazi wake waondoke, na watu kama 100 wakaondolewa pale. Na kisiwani Simeulue, Indonesia, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko, wazee walikuwa wanawasimulia wajukuu yaliyowapata mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikakimbia, pandeni mlimani. Kisiwa kile kilikuwa na watu zaidi ya 70,000. Waliokufa kwa maji ni 7.

Wewe una kitu ambacho wale watalii hawakuwa nacho. Tangu ukiwa mgongoni nimekwenda na wewe kuchokoa pweza. Unajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, unajua mwezi ukiwa mpevu au ukiandama maji yetu hupwa sana kwenye saa nne, saa nne na nusu asubuhi, kisha yanageuka, na alasiri yamejaa mpaka kwenye mikoko. Hukufundishwa darasani, unalo miguuni. Basi ukiiona bahari inapwa saa ambayo inatakiwa kujaa, au inapwa mbio kwa dakika chache badala ya saa sita, au inapwa kupita ile miamba ambayo hata bamvua kubwa haijawahi kuifunua, hiyo si bahari yetu tena. Acha pweza, acha ndoo, acha viatu. Mwenzako akikuambia "ngoja tuokote hawa samaki", mvute mara moja. Asipokuja, nenda.

Jumapili ile ya 2004 mwezi ulikuwa mpevu. Tetemeko lilipiga huko Sumatra alfajiri yetu, kabla ya saa kumi, na maji yakasafiri zaidi ya kilomita 6,000 yakafika pwani yetu kwenye saa za mchana. Kwenye kina kirefu yanakwenda kasi ya ndege, lakini yanainuka kidogo sana, mvuvi aliye mbali hata hatambui kwamba yamempita. Yalipofika kwetu maji yalikuwa hayajajaa, hilo lilitusaidia. Hata hivyo Tanzania walikufa watu 10 au zaidi, wengi wao waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam. Somalia, upande wa Hafun, walikufa karibu 300. Kenya waliwahi kuwatoa watu ufukweni, akafa mmoja. Saa nane nzima maji yakiwa njiani, na sisi tuliokuwa pwani wengi tulikuja kusikia redioni mambo yamekwisha.

Siku hizi si hivyo. Kuna mfumo wa tahadhari wa nchi zote za Bahari ya Hindi, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inapokea taarifa na kutangaza. Unakumbuka kimbunga Kenneth, Aprili 2019, Mtwara walivyofunga shule na maofisi na kuwaambia watu waende sehemu salama, kisha kikashukia Msumbiji. Wapo wanaosema mpaka leo tulisumbuliwa bure. Waende Cabo Delgado wakaulize kama ilikuwa bure. Ukisikia tangazo, ondoka, na ukirudi jioni hakuna kilichotokea, umshukuru Mungu, usimcheke mtangazaji.

Lakini tangazo ni la tetemeko la mbali. La karibu halingoji mtangazaji. Palu maji yalifika kwa dakika chache tu. Na bahari yetu nayo hutikisika: usiku wa Agosti 12, 2020, lilipiga tetemeko la ukubwa wa kama 6 baharini, Dar es Salaam watu wakakimbilia nje. Maji hayakuja, alhamdulillahi. Kule Pangani wataalamu wamefukua mifupa ya watu kwenye mchanga uliosombwa na bahari miaka kama 1,000 iliyopita. Sikuambii ili ushindwe kulala. Jambo la mara moja kwa miaka 1,000 linaweza lisitukute sisi wala wajukuu zako. Nakuambia ili ardhi ikikutikisa mpaka ushindwe kusimama vizuri, usiingie kwenye simu kuuliza wenzako kama na wao wamesikia.

Sasa nimefika kwenye lililonifanya niandike.

Watu wa pwani ile ya Japani wana kanuni ya wazee wao: maji yakija, kila mtu akimbie kivyake, mama asimtafute mtoto na mtoto asimtafute mama. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisema hawa watu hawana huruma. Kisha nikafikiri. Wengi walikufa wakirudi nyumbani kumchukua mtu ambaye alikwisha kuondoka. Kanuni ile inafanya kazi kama kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake naye anakimbia. Mji wa Kamaishi walikuwa wamewafundisha wanafunzi hivyo. Wa sekondari wakakimbia bila kungoja amri, wakiwashika mkono wadogo wa msingi, walipofika mahali pa kukusanyika wakaona hapatoshi, wakapanda zaidi. Karibu wanafunzi 3,000 wa mji ule walipona. Shule ya msingi ya Okawa, kwingine kwenye pwani hiyohiyo, watoto waliwekwa uwanjani karibu dakika 50 na kilima kiko nyuma yao. Walikufa 74.

Basi tuwekeane ahadi. Wewe uko Mikindani, mimi niko Lindi, huwezi kunifikia hata ukitaka, lakini siku za likizo uko hapa na mimi niko pwani na wewe uko sokoni. Usije kunitafuta. Mimi nitakuwa nimeelekea Mtanda, kule juu. Ukija pwani kuniangalia utakuwa umekuja mahali ambapo mimi sipo. Na mimi sitakuja sokoni kukutafuta, ingawa kuliandika neno hili kumenichukua muda.

Bibi yako ndiye anayenishinda. Kanuni ile wameitunga watu wenye magoti mazima. Hata huko kwao zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa wa miaka 60 kwenda juu, kwa sababu kilima ni kilekile kwa mzee na kwa kijana. Nimeongea na kijana wa bodaboda wa jirani, amekubali kwamba tetemeko likipiga anakuja kwetu moja kwa moja. Amecheka, lakini amekubali. Bibi yako ni jukumu langu na la yule kijana. Kwako wewe hapana.

Ukishafika juu, usishuke. Sri Lanka, siku ileile ya 2004, maji ya kwanza yalipopita watu wakajazana kwenye treni iliyosimama Peraliya wakidhani wamepata kimbilio. Yakaja ya pili makubwa zaidi, wakafa zaidi ya 1,000 ndani ya treni moja. Usinipigie mimi, mtandao utakuwa umejaa. Mtumie ujumbe mjomba wako Nyangao, yeye yuko bara, aandike nani yuko wapi. Namba yake iandike kwenye karatasi, usitegemee simu pekee.

Nyinyi huko Mikindani mna bahati, kilima mmekipa mgongo. Jumamosi hii toka mlangoni kwa mama yako mdogo, upande kwa miguu mpaka kwenye Boma la zamani, uniambie umetumia dakika ngapi. Naye mchukue, maana mwaka mzima anasema ataanza mazoezi.

Mama yako