Furaha ya sehemu ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Sikubaliani na wanaodai kwamba tamthilia ya vichekesho ikiisha kwa furaha basi imeisha vizuri. Sehemu ya mwisho ya Friends, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu marafiki sita, iliyorushwa huko tarehe 6 Mei 2004, ilimshusha Rachel, mmoja wa marafiki hao, kwenye ndege ili arudi kwa Ross, mpenzi wake wa zamani, na watazamaji wengi walishangilia. Lakini hatuambiwi itakuwaje kuhusu kazi iliyokuwa ikimngoja Paris, ilhali tangu mwanzo tulimfuatilia akijifunza kujitegemea. M*A*S*H, tamthilia ya vichekesho kuhusu madaktari wa jeshi la Marekani katika Vita vya Korea, ilipoisha mwaka 1983 iliwarudisha wahusika wake wengi nyumbani baada ya vita, ila haikuficha kuvunjika kwa moyo wa Hawkeye, daktari aliye mhusika wake mkuu, wala, jambo lililonigusa zaidi, uchungu wa kuagana. Furaha hiyo naiamini.

Msomaji wako