Duara la kahawia ndani ya sabuni ya maziwa ya mbuzi, na mengine mnayotuuliza

Wiki iliyopita mteja wetu wa siku nyingi alitutumia picha ya mche wa sabuni alioukata katikati kwa kisu. Pembeni ulikuwa mweupe unaoelekea rangi ya malai, na katikati kulikuwa na duara la kahawia, kubwa kama sarafu. Akauliza, kwa adabu kabisa, kama sabuni ile imeoza au tumemuuzia ya mwaka jana.

Haijaoza. Lakini swali hilo tumeulizwa kwa namna nyingi: mbona safari hii imekuja na rangi ya mchanga, mbona ile ya mwanzo ilikuwa nyeupe, mbona mlisema mwezi huu na mpaka leo haijatoka. Majibu yote yanaanzia mahali pamoja, kwenye maziwa, kwa hiyo nimeona nikae chini niyaandike kwa mara moja.

Maziwa ya mbuzi yana sukari. Inaitwa laktosi, na katika kila lita ipo takriban gramu 45. Sukari hiyo ikikutana na kostiki (ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) pamoja na joto hubadilika rangi: kwanza njano, halafu chungwa, halafu kahawia. Na kostiki huja na joto lake yenyewe. Ukiitia kwenye maji ya kawaida, maji hupanda hata kufikia nyuzijoto 80 au 90 bila moto wowote chini ya chombo. Maji hayana cha kuungua. Maziwa yanacho.

Mpiko wetu wa kwanza wa maziwa niliupika mimi mwenyewe, na niliuunguza. Nilikuwa najua kupika sabuni kwa maji matupu, nikadhani tofauti ni kile tu kinachoingia kwenye jagi. Nikakamua asubuhi, nikachuja kwa kitambaa, nikayapima maziwa yakiwa bado na joto la kiwele, nikaanza kutia kostiki. Punde yakawa njano kama kiini cha yai. Nikaendelea kukoroga. Yakageuka rangi ya chungwa, yakakatika mabongemabonge, na ikapanda harufu ya kuchoma pua, kama ya banda lisilofagiliwa siku nyingi. Ile ni amonia, nayo hutoka pale kostiki inapovunja protini za maziwa. Maziwa ya siku nzima ya mbuzi wawili yakaenda bure. Niliumia, maana nilikuwa nimeamka gizani kuwakamua.

Tangu siku hiyo maziwa yetu hayakutani na kostiki yakiwa na uvuguvugu. Tukishakamua na kuchuja, tunayagandisha kwenye trei za barafu. Siku ya kupika, vipande vilivyoganda vinatiwa kwenye jagi, jagi linaketi ndani ya beseni la maji ya barafu, na kostiki inanyunyizwa kijiko kimoja kimoja huku mtu akikoroga bila kuacha. Joto la kostiki linaishia kuyeyusha barafu badala ya kuunguza sukari. Kipimajoto kikikaribia nyuzi 30 tunasimama, tunangoja kishuke, ndipo tunaendelea. Kazi ambayo kwa maji ingekuwa ya dakika chache, kwa maziwa inachukua nusu saa. Yakitoka vizuri yanakuwa na rangi ya malai, au njano hafifu sana, na hapo moyo wangu hutulia.

Baada ya hapo maziwa yenye kostiki humiminwa ndani ya mafuta, na tunakoroga mpaka uji ushike. Utajua umeshika pale unapoinua mwiko na tone linaloanguka likaacha alama juu ya uji, lisizame. Ndipo unaingia kwenye kalibu.

Sasa nirudi kwenye lile duara. Sabuni ikiwa ndani ya kalibu bado inafanya kazi. Kostiki inaendelea kuyavunja mafuta, na kazi hiyo hutoa joto. Pembeni joto hupoa haraka, katikati hulimbikizana. Likizidi, sukari ya katikati huiva kidogo na kuacha alama ya mviringo. Ili kuzuia hilo kalibu zetu zinalala kwenye friji usiku wa kwanza, na mara nyingi tunafaulu. Mpiko ule wa mteja wetu tuliupika siku ya jua kali, kalibu mbili zikakosa nafasi ndani ya friji. Sabuni ya ndani ya duara na ile ya nje ni moja: povu ni lile lile, na ngozi haitaona tofauti. Wapo wapikaji wanaotia rangi nyeupe, titani dioksidi, ili mipiko yote ifanane. Haidhuru kitu na siwalaumu. Sisi hatuitii, kwa sababu rangi ndiyo inayonieleza siku ile ya kupika ilikwendaje, na sitaki kuificha, kwenu wala kwangu.

Swali la pili kwa wingi ni hili: "Kumbe mnatia kostiki?" Mara nyingi linaulizwa kwa hofu, na hofu hiyo ina msingi, maana kostiki huunguza ngozi na macho. Sisi wenyewe hatuifungui bila glavu na miwani, na watoto hawaingii jikoni siku ya kupika. Lakini hakuna sabuni ya mche isiyoanza na kostiki. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1823: mafuta yakikutana na magadi makali, kama kostiki, hugawanyika, sehemu kubwa ikashikana na magadi na kuwa sabuni, sehemu iliyobaki ikawa gliserini. Kazi ikiisha, kostiki imekwisha. Imekuwa kitu kingine.

Sharti ni vipimo. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki. Kilo moja ya mafuta ya nazi inataka takriban gramu 183. Kilo moja ya mafuta ya zeituni inataka takriban gramu 134 tu. Mtu anayebadilisha mafuta bila kubadilisha kostiki anatengeneza hatari. Ndiyo maana hatupimi kwa vikombe; kila kitu kinapita kwenye mizani, hata maziwa. Na kwa makusudi tunatia kostiki pungufu kwa asilimia 6 kuliko inayohitajika, ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka sabuni. Hayo ndiyo yanayoifanya ngozi isikaze unapojifuta.

Hapa naomba niseme jambo ambalo huenda halisaidii mauzo. Watu wengi wanaamini kwamba maziwa ndiyo yanayofanya kila kitu ndani ya sabuni hii. Tuhesabu pamoja. Katika mpiko wa kilo moja ya mafuta tunatia gramu 330 za maziwa. Ndani ya maziwa hayo mafuta ya mbuzi ni kama gramu 12 au 13, na sukari ni kama gramu 15. Mpiko huo huo unatoa takriban gramu 100 za gliserini, na unabakiza karibu gramu 60 za mafuta yasiyogeuka sabuni. Kwa hiyo ukiniuliza ni nini kinachozuia ngozi yako isipauke, nitakutajia kwanza gliserini ambayo hatukuitoa. Viwanda vingi vikubwa huitenga na kuiuza peke yake, kwa sababu ina soko zuri katika losheni na dawa. Sisi tunaiacha ndani.

Maziwa yanafanya nini basi? Sukari yake inaongeza povu, na povu lenyewe linakuwa zito, lenye viputo vidogo, linalotulia mkononi. Mafuta yake yanaongeza ulaini. Hata majina ya baadhi ya asidi za mafuta hayo, kaproiki, kapriliki na kapriki, yametokana na neno la Kilatini linalomaanisha mbuzi. Nimewahi kupika mipiko miwili siku moja, mafuta yale yale, mmoja kwa maji na mwingine kwa maziwa, nikawapa ndugu wajaribu bila kuwaambia. Karibu wote walichagua wa maziwa, wakitaja povu. Si utafiti huo, ni watu wa nyumbani tu, lakini kwangu ulitosha kuendelea kuamka gizani.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi ni muuzaji, kwa hiyo mna haki ya kuyapima maneno yangu. Ila kuna mawili hamtayasikia kwetu. La kwanza ni kwamba sabuni ya maziwa ya mbuzi ina pH, yaani kipimo cha uasidi, sawa na ya ngozi. Ngozi ya mtu ina uasidi kidogo, pH ya kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Sabuni ya kweli, iliyotokana na mafuta na kostiki, huwa kwenye 9 au 10. Ukiishusha hadi 5 inaacha kuwa sabuni, inarudi kuwa asidi za mafuta zinazoelea juu ya maji. Ngozi yenye afya huurudisha uasidi wake yenyewe baada ya kuoga, na kwa watu wengi hilo halina shida. Mwenye ngozi ambayo haivumilii sabuni ya aina yoyote atafute kisafishio kisicho sabuni, na nitamwambia hivyo hata akiwa ameshika pesa mkononi.

La pili ni kwamba inatibu. Kuna akina mama wanaotuandikia kuhusu watoto wenye pumu ya ngozi, na najua uchungu wa kumwona mtoto akijikuna usiku kucha. Sabuni laini isiyo na manukato inaweza isimchokoze zaidi, lakini dawa si hiyo. Mpeleke kwa daktari, sabuni itafuata baadaye. Na kama yupo nyumbani mwenye mzio wa maziwa, msiitumie hii kwanza bila kumuuliza daktari, maana ngozi yenye michubuko hupitisha vitu. Tunapika pia sabuni isiyo na maziwa, iulizieni.

Halafu kuna suala la kungoja. Sabuni tunaikata baada ya siku moja au mbili, na wakati huo kostiki karibu yote imeshamaliza kazi yake. Mtu anaweza kuiona rafuni ikiwa imara, akashangaa kwa nini hatumuuzii. Ni kwamba bado imejaa maji. Mche mchanga ukiusugua unalainika kama mshumaa uliokaa juani, unaisha kwa siku chache, na povu lake ni la utelezi. Tunaipanga juu ya rafu za mbao, mche na mche visigusane, tunaigeuza kila wiki ili hewa ipite pande zote. Mche wetu ukikatwa una gramu 120. Baada ya wiki 6 unakuwa na gramu 105 hivi. Zile gramu 15 ni maji ambayo mngeyanunua kwa bei ya sabuni.

Wiki 6 hizo ndizo zinazofanya tukwame mkiagiza kwa pamoja, na nyuma yake wapo mbuzi wenyewe. Mbuzi hubeba mimba takriban siku 150, na miezi miwili ya mwisho hatumkamui, ili nguvu yake iende kwa kitoto na kiwele kipumzike. Akizaa, dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ni ya watoto wake, hatugusi. Kwa hiyo kila mwaka kuna kipindi ambacho karibu banda zima limekauka. Tunaweka akiba ya maziwa yaliyogandishwa, lakini friji ina mwisho wake. Tungeweza kununua maziwa ya unga tukaendelea kama kawaida, na sabuni ingetoka. Tumelijadili nyumbani mara mbili, na mara zote mbili tumekubaliana kwamba tukikosa maziwa yetu tutasema tumekosa.

Mwisho ni namna ya kuitunza, maana malalamiko mengi ya "sabuni yenu inaisha haraka" nimegundua yanatoka kwenye kisahani. Gliserini hupenda maji. Mche ukiachwa kwenye kisahani kisicho na matundu unanyonya maji na chini yake unakuwa uji. Uweke juu ya kitu kinachochuruzisha, mbali na mdomo wa bomba, uwe umekauka kabla ya kuoga tena. Kama mko wengi nyumbani, ukate nusu, nusu moja itumike na nyingine ikae kabatini, mahali pakavu penye hewa, isifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Hali ya hewa ikiwa na unyevu mwingi mtaona matone madogo juu yake kama jasho. Ni gliserini ikivuta maji kutoka hewani, yafuteni kwa kitambaa. Mkiona madoa ya chungwa yenye harufu ya mafuta yaliyochacha, hayo ndiyo mafuta yanayoharibika, na hapo nirudishieni, nitawapa mche mwingine bila maswali.

Mteja wa lile duara nilimjibu nusu ya haya kwa simu, akacheka, akasema nusu aliyoikata ameshaitumia. Mpiko ulioko rafuni sasa uko wiki ya nne, na friji tumeipunguza vitu, hivyo huu umetoka mweupe. Unaofuata utategemea mbuzi wawili wanaotarajia kuzaa mwezi ujao.