Darasa moja, watoto wenye uwezo tofauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi yetu ya kuwafundisha watoto wa darasa moja kana kwamba wote wana uwezo sawa.

Nilifundisha hisabati katika shule za msingi kwa miaka mingi. Elimu bila malipo, iliyoanza kutekelezwa Januari 2016 na ambayo naiunga mkono, ilituletea watoto wengi kuliko madawati. Mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya themanini, anayedaiwa kumaliza mada kwa mujibu wa azimio la kazi, yaani mpango wa mada na muda wa kuzifundisha, hulazimika kumlenga mwanafunzi wa katikati. Hivyo mtoto wa darasa la tano asiyeweza kutoa kwa kukopa hufundishwa kujumlisha sehemu, na mwenzake aliyemaliza zoezi mapema hutumwa kuchota maji. Nami niliwatuma, sikatai.

Sipendekezi mikondo ya "wenye akili" na "wazito", kwani mtoto akishabandikwa jina hilo hulibeba mpaka darasa la saba. Napendekeza saa moja tu kwa siku ambapo watoto wa darasa la tatu hadi la tano wapangwe upya kwa kiwango chao cha kusoma na kuhesabu, kisha wapimwe tena baada ya wiki chache na kuhamishwa kundi, kama shirika la elimu la Pratham lilivyofanya nchini India. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya, bali ratiba iliyolegezwa na mkaguzi atakayeikubali.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro