Yule seneta wa Texas

Swahiba,

Salamu nyingi. Juzi uliniuliza kwa nini simwachi Phil Gramm kila tukigusia msukosuko wa benki wa 2008. Simu haikutosha, nikaona niandike.

Huyu bwana alikuwa profesa wa uchumi kabla ya kuingia bungeni kwa tiketi ya Democrat. Mwaka 1983 wenzake walimtoa kwenye kamati ya bajeti. Akajiuzulu, akahamia Republican, akagombea upya kiti kilekile na kukishinda. Hapo nampa heshima yake. Wengi huhama chama huku wamekumbatia kiti.

Watu humlaumu kwa sheria ya 1999 yenye jina lake, Gramm-Leach-Bliley, iliyobomoa ukuta wa tangu 1933 kati ya benki za kawaida na kampuni za uwekezaji. Citicorp na Travelers walishaungana mwaka uliotangulia, kwa hiyo sheria ilikuja kubariki ndoa iliyokwisha fungwa. Ila Lehman, benki ya uwekezaji iliyoanguka 2008, haikuhitaji sheria hiyo ili ianguke. Mimi nailaumu zaidi ile ya Desemba 2000, iliyochomekwa ndani ya muswada mnene wa matumizi ya serikali. Ndiyo iliyoiacha mikataba ya kukingiana hasara za mikopo bila msimamizi. Kampuni ya bima ya AIG ikaiuza kwa wingi bila akiba ya kutosha, na Septemba 2008 Benki Kuu ya Marekani ikaanza kwa kuikopesha dola bilioni 85.

Sheria hiyohiyo iliwafungulia mlango wafanyabiashara wa nishati mtandaoni, kampuni ya Enron ikiwa mbele. Kamati ya michango ya Enron ilikuwa inamchangia Gramm (kampuni zenyewe haziruhusiwi kumpa mgombea wa ngazi ya taifa fedha moja kwa moja tangu 1907, hivyo njia ni hizo kamati). Mkewe, Wendy, alikuwa kwenye bodi yao. Aliingia 1993, wiki chache baada ya kuondoka kwenye tume ya serikali iliyokuwa imewalegezea masharti akiwa mwenyekiti wake!

Gramm alipowania urais alijigamba kwamba rafiki wa kutegemewa kuliko wote katika siasa za Marekani ni fedha taslimu. Rafiki huyo hakumfikisha hata kwenye kura ya mchujo ya New Hampshire; alijitoa Februari 1996.

Alipoondoka Seneti 2002, benki ya UBS ya Uswisi ikampokea. Julai 2008 akawaita Wamarekani taifa la walalamishi. Oktoba, serikali ya Uswisi ikalazimika kuiokoa UBS.

Wako,
K.