Kaka, hoja yako ina pengo

Columbus, Ohio
Novemba 2025

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Kazi ya usiku ipo, baridi imeanza, hayo tuyaache.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Ulisema, "Miezi mitatu hujatuma hata senti ya bati, kwa hiyo umeshatusahau." Ukaongeza kwamba pesa ya nyumba ya Mama nimeitupa kwenye mtihani, na digrii ninayo. Ulisema kwenye kundi la familia, watu wote wakisikia, na Shangazi akakuitikia. Liliniuma sana, Kaka.

Sasa nikujibu. Huku sheria haisomwi kama kwetu, kwamba mtu akimaliza kidato cha sita anaingia chuo kikuu kuisoma. Lazima kwanza uwe na digrii ya jambo jingine, ndipo uombe miaka mitatu ya sheria. Mtihani ambao waombaji wengi hupitia unaitwa LSAT. Alama zake zinaanzia 120, mwisho 180. Mara ya kwanza nilipata 149, sikumwambia mtu. Safari hii nimepata 163. Msomee Mama namba hiyo polepole, umwambie ni ya binti yake, na kwamba aliipata bila kwenda darasa la kulipia hata siku moja. Katika ukoo wetu hajatokea mwanasheria. Nataka niwe wa kwanza, na safari hii naona njia.

Mtihani wenyewe hauulizi kifungu chochote cha sheria. Unapima unavyosoma hoja. Sehemu zinazohesabiwa ni tatu, na mbili kati yake ni za hoja tupu, tangu Agosti 2024 walipoiondoa ile ya mafumbo ya kupanga watu na siku. Unapewa aya fupi, mtu anadai jambo, chini yake swali na majibu matano. Kila sehemu ni dakika 35 kwa maswali kama 25 hivi. Mara ya kwanza nilianguka kwa sababu kila aya niliisoma kwa jicho lile lile, kumbe kila aina ya swali ina jicho lake.

Siku hizi naanza na swali, aya baadaye. Swali likisema "ikiwa maelezo haya ni kweli, lipi lazima liwe kweli", basi aya unaiamini yote, unaloshuku ni majibu. Likisema "lipi kati ya haya, likiwa kweli, litaidhoofisha hoja", au litaitia nguvu, mambo yanageuka: majibu ndiyo unayoyapokea kama kweli, na hoja ndiyo unayoikagua. Kulijua hilo tu kulinipandishia alama kuliko miezi miwili ya kukesha. Nilikuwa nayakataa majibu sahihi kwa kuwa niliona hayawezi kutokea, na hakuna aliyeniuliza kama yanaweza kutokea.

Chukua maneno yako mwenyewe. Ushahidi: sijatuma miezi mitatu. Hitimisho: nimewasahau. Katikati kuna pengo, na pengo hilo umelifunika kwa dhana ambayo hukuitamka, kwamba anayewakumbuka watu wake hawezi kushindwa kutuma. Swali likiuliza hoja "inahitaji" dhana gani, jibu unalijaribu kwa kulikanusha. Kanusha hiyo: mtu anaweza kuwakumbuka watu wake na bado akashindwa kutuma. Hoja yako inaanguka hapo hapo. Ipo aina nyingine inayofanana nayo, na wengi huzichanganya: hitimisho linafuata "ikiwa tutadhania" nini. Hapo unatafuta kitu cha kuliziba pengo lote, kwa mfano kwamba yeyote anayekaa miezi mitatu bila kutuma amewasahau watu wake. Hiyo ingekutosha kabisa, Kaka, lakini je, unaiamini? Wewe ulipokuwa Mererani, miezi mingapi ilipita?

Sitaki tugombane. Nilishindwa kutuma kwa sababu ya mtihani, ni kweli, na nilipaswa kuwaambia mapema. Hilo ni kosa langu.

Ila hili la shamba la marehemu Baba kule Muheza ndilo linalonikosesha usingizi. Nimesikia mnachanga pesa za wakili. Kabla hamjampa mtu hata shilingi, nisikilize.

Baba Mdogo anasema amelitunza miaka kumi na mitano, kwa hiyo ni lake. Hili kwenye mtihani ni swali la kasoro, yaani la kutafuta hoja ilipokosea. Kutunza ni jambo moja, kumiliki ni jingine. Mlinzi analala kwenye nyumba ya watu miaka ishirini. Najua anataja ile miaka 12 ya Sheria ya Ukomo, kwamba ikipita mwenye ardhi hawezi tena kuidai mahakamani. Lakini mtu aliyekaribishwa na mwenye ardhi hawi mwenye ardhi kwa kukaa sana, mahakama za kwetu zimeshalisema hilo. Kwa hiyo kila kitu kinasimama juu ya jambo moja: Baba alimpa, au alimkabidhi amtunzie? Shahidi aliyemsikia Baba akisema "lichukue" ataitia nguvu hoja yake. Karatasi inayoonyesha alilipwa kila msimu wa machungwa itaidhoofisha.

Na Shangazi naye. Kuna swali linalouliza watu wawili wanabishania nini hasa. Dawa yake ni kutafuta kauli moja ambayo huyu ataiitikia na yule ataikataa. Shangazi anapiga kelele kwamba shamba la marehemu halitauzwa. Baba Mdogo anasema ameling'olea magugu kwa mikono yake. Je, alilitunza? Wote wawili watasema ndiyo. Je, liuzwe? Baba Mdogo sijamsikia hata mara moja akisema anataka kuuza. Miaka miwili hawasalimiani, hata kwenye arobaini ya Bibi, na hawajawahi kubishania jambo moja!

Halafu kuna hili. Baba Mdogo anasema shamba ni lake, lakini mpaka mwaka juzi alikuwa anamletea Mama gunia na fedha za machungwa kila Idi. Mambo haya yanaonekana hayapatani, na wewe ukakimbilia kusema ni mwongo. Mtihani umenifundisha kuyaacha yote mawili yasimame, kisha nitafute la tatu linaloyapatanisha. Nini kilibadilika mwaka juzi? Nani amewahi kumuuliza kwa upole? Mwende kwenye Baraza la Kata, hapo wanapatanisha, na umwamkie kwanza. Ni mdogo wake Baba.

Nimetuma laki nne leo. Tatu ni za bati, moja ya dawa za Mama, isiguswe kwa wakili.

Jana kwenye duka la Msomali mmoja aliyekulia Mombasa niliona machungwa yenye ngozi ya kijani kama yetu. Nikanunua moja, nikalinusa njia nzima mpaka nyumbani, sikulila. Liko hapa mezani ninapoandika.

Kaka, Baba alikuwa na daftari la jalada la kijani, aliandika humo malipo ya wachumaji wote na siku zake. Nadhani liko kwenye kasha la Bibi, chini ya kanga. Litafute. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa, hata zile zilizolowa, unitumie. Kama imeandikwa humo kwamba alimpa, nitakuwa wa kwanza kumpigia Baba Mdogo nimwombe radhi.

Wasalaam,
mdogo wako, Rehema